Slesi Sita za Baba Christopha

Hilaria hakuwa mtu wa kubembeleza. Pale mtaani Izia wanamjua: akisema neno moja amemaliza, na mlango anafunga. Lakini asubuhi ile, kwenye korido ya hospitali, alimng'ang'ania nesi mkono kama mtoto anayekataa kuachwa shule.

"Wiki moja tu, mwanangu. Msimkate. Nipeni wiki moja!"

Nesi Atupele, binti ambaye Hilaria angeweza kumzaa, alikuwa ameshika fomu. Mguu wa Teodori, mume wa Hilaria, ulipangwa kukatwa chini ya goti saa nane mchana. Kidonda kilichoanza kama lengelenge la kiatu kilikuwa kimefika mfupani, na sukari haikutaka kushuka.

"Mama, daktari ameshakueleza. Tukisubiri, tutampoteza."

"Sukari nitaishusha mwenyewe! Nitamchomea mkate uwe mkavu zaidi. Nitauchoma mpaka uwe mweusi tii."

Atupele akamtazama. "Mkate gani, mama?"

Hapo Hilaria akaeleza, tena kwa fahari. Teodori alikuwa karani wa halmashauri kule Namanyere, na huko ofisini ndiko alikozoea chai na mkate. Alipoambiwa ana kisukari, miaka mitatu iliyopita, kuacha mkate kulimshinda kabisa. Basi mkewe akamtafutia njia. Kila alfajiri, hata mwezi wa saba baridi ya Ufipa inapong'ata masikio, aliwasha jiko la mkaa, akapanga slesi kwenye wavu na kuzigeuza kwa vidole. Siku ya kwanza alizipima mikononi, slesi laini huku, iliyochomwa kule. Iliyochomwa ilikuwa nyepesi. Sukari imeungua, akasema, na kwa furaha akamwongezea: badala ya mbili, sita. Wanawake wa jumuiya ya kanisani nao akawafundisha. Hata leo alikuwa na sita kwenye hotipoti, kwapani.

Atupele alivuta pumzi kwanza.

"Kilichotoka ni maji, mama. Moto unakausha maji, ndiyo maana slesi inakuwa nyepesi. Wanga unabaki humo humo, na wanga ndio unaogeuka sukari mwilini. Kuuchoma kunapunguza kitu kidogo sana. Mkate ni ule ule. Na slesi sita ni slesi sita."

Hilaria aliuachia mkono wa nesi. Miaka mitatu alikuwa akimlaumu Mungu, mara mchawi, mara kiatu.

Aliingia wodini, akaketi kitandani pa mumewe.

"Baba Christopha, nimekuua. Ni mkate wangu. Kuuchoma hakutoi sukari. Nilikulisha mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

Teodori hakushtuka. Alitazama blanketi, pale miguu yake miwili ilipolinyanyua.

"Usilie, Mama Christopha. Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Walitwambia kliniki, mwaka ule ule wa kwanza. Wewe ulibaki nyumbani na mahindi yako. Nikasema nikikwambia, utaninyima."

Hilaria alitaka kumzaba kibao. Alitaka pia kumkumbatia, mtu asije akaondoka naye. Hasira na huruma vilimjaa kwa pamoja, akashindwa kuchagua.

"Vidole vyangu vimeungua miaka mitatu, Teodori."

"Ulikuwa mtamu," alisema mzee, na machozi yakamtoka. "Unavyouchoma wewe, ulikuwa mtamu sana."

Atupele akaleta fomu. Teodori akasaini kwa ule mwandiko wake wa ukarani, ulionyooka, kama vile anaidhinisha likizo ya mtu mwingine. Kisha nesi akasema asile wala kunywa chochote mpaka atoke chumba cha upasuaji, akaondoka.

Wakabaki wawili. Macho ya mzee yakashuka taratibu kwenye kwapa la mkewe.

"Za leo umekuja nazo?"

Hilaria akaangua kilio, wodi nzima ikageuka. Akaibana hotipoti kifuani kwa mikono miwili, na Teodori alipoinyooshea mkono, akauondoa mkono ule, akaushika, hakuuachia mpaka walipokuja kumchukua.