Dolly Achorwe Amekaa

Mume wangu Ottmar ni mbishi, na kwenye habari za mbwa ndio usiseme. Miaka yote tuliyokaa hapa nyuma ya kiwanda cha bunduki, yeye anachora mbwa na ndege kwenye mabamba ya chuma ya ubavuni mwa bunduki, mimi nazungushia majani na maua, na sijawahi kushinda ubishi hata mmoja. Kwake mbwa wa bunduki akinusa ndege husimama, akimwonyesha mwindaji. Mkia umenyooka, mguu mmoja juu, pua kwa ndege, basi.

Majani yalipoanza kupukutika, mkulima mmoja mzee wa huko vilimani, Bwana Ezra Tunnicliff, alituletea bunduki yake ya mitutu miwili kwa mkono wa jirani yake. Mzee alitaka achorewe mbwa wake Dolly, aliyekufa kiangazi. Alituma neno moja tu: Dolly achorwe amekaa.

"Amekaa?" Ottmar akaniuliza, jirani alipoondoka. "Mbwa wa kuwinda akae kitako kama paka wa jikoni? Yule jamaa kachanganya maneno."

Nikamwambia mwenye mbwa ndiye anayemjua mbwa wake. Wapi! Akainamia meza, akamchora Dolly amesimama. Na haki yake nimpe, hajawahi kuchora mbwa mzuri kuliko yule. Ukimtazama ungedhani mbavu zinapanda na kushuka. Ottmar alikuwa akimpapasa kwa kidole huku anapiga mluzi, nami nikamwacha, maana furaha ya mume wangu haiji kila siku.

Bamba lilikuwa liende kiwandani alasiri, likapikwe ndani ya mkaa wa mifupa ili liwe gumu. Likishapikwa, patasi haiingii tena. Asubuhi hiyo Bwana Tunnicliff akaja mwenyewe, amwone Dolly kabla hajatiwa motoni.

Nilimwona dirishani akishuka kwenye gari la farasi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekauka, akiuburuta. Kutoka langoni hadi mlangoni petu si mbali hata kidogo, lakini kahawa niliyommiminia alipofungua lango ilikuwa imepoa alipoingia ndani.

Ottmar akampa bamba. Mzee akalisogeza karibu na macho, akalitazama sana. Akasema ni mbwa wa kupendeza, na kazi kama ile hajapata kuiona. Kisha akalirudisha mezani taratibu.

"Ila huyu si Dolly, bwana. Dolly akinusa kware alikuwa anakaa chini. Watu walinicheka, wakasema nafuga mvivu. Lakini mimi nachelewa kufika, si unaniona? Sasa asimame mpaka lini? Alikuwa anakaa, ananingoja."

Ottmar akautazama ule mguu uliokauka. Mimi nikajifanya natafuta sukari. Mzee ndiye aliyetuonea huruma: akasema tusihangaike, atalichukua hivyo hivyo, atazoea.

"Huwezi kuzoea," Ottmar akasema.

Akalibana bamba kwenye jiliwa, akachukua tupa, akaanza kumfuta mbwa wake. Alianzia mkiani. Nilitoka nje kulisha kuku ambao walikuwa wameshakula, kwa sababu sikuweza kutazama. Gari la kiwanda lilipokuja, nilimwambia mwendeshaji aende bila bamba letu.

Bwana Tunnicliff alirudi theluji ilipoanza kuanguka. Safari hii Ottmar alimwendea mpaka langoni na bunduki ya mzee mkononi. Pale ubavuni, kwenye nyasi nilizochora mimi, Dolly alikuwa amekaa, pua kwa ndege, na sikio moja limegeukia nyuma, upande wa mwenye bunduki. Sikio hilo Ottmar alilibuni mwenyewe, nami sikubishana naye.

Mzee alipitisha kidole gumba juu ya lile sikio, mara moja, mara ya pili, akaliinamia.

"Nakuja, mama," akamwambia Dolly. "Nakuja."