Rangi ya Mama Mkwe

Mtaani walimwita Bi Brashi, na jina alilopewa na baba yake lilikuwa limebaki la kujazia fomu. Kwa miaka thelathini na minane mumewe aliranda mbao na yeye akapaka rangi: makabati, vitanda, madawati, na mara moja jeneza la mtu ambaye baadaye alipona akalikataa, wakaligeuza rafu ya vitabu. Mizigo yote hiyo ilibebwa na pikapu moja kuukuu. Pikapu ilikuwa imeingia nyumbani miaka miwili kabla ya Bi Brashi, kwa hiyo yeye alijihesabu mke mdogo.

Siku injini ilipopasuka, ufa wa kuingiza kidole, seremala aliikokota pikapu hadi uani, akafunga karakana, akajilaza na redio yake. Mwanamume kulala si habari, na Bi Brashi hakubabaika. Kilichomtisha ni kwamba mumewe alianza kujisimulia kama marehemu. "Nilikuwa natengeneza meza nzuri," alimwambia mgeni mmoja, na randa yake iko pale pale ukutani, haijapata hata kutu. Bi Brashi aliona wazi kwamba pikapu isipoinuka, na mzee hatainuka.

Aliyejitolea ni mkwe wao, mume wa binti yao wa pekee. Alikuwa fundi wa magari ya siku hizi, wale wanaochomeka kimashine mfano wa simu chini ya usukani kikawaambia gari linaumwa wapi. Seremala hakuwahi kumwelewa fundi anayeuliza simu. Bi Brashi alimpenda, ila alikuwa na taabu naye moja: kijana alikuwa na adabu kupita kiasi. Mbele ya mama mkwe aliketi kwenye ncha ya kiti kama anayesubiri kuitwa na daktari. Mwaka wa kwanza wa ndoa Bi Brashi alitia chumvi mchuzini mara mbili kwa kusahau. Kila mtu akatema, mkwe akamaliza sahani na kushukuru.

Basi mkwe akapata injini ya gari lililogongwa nyuma, moyo wake mzima, pamoja na kompyuta yake, kisanduku cha ukubwa wa tofali. Alieleza kwamba kisanduku hicho ndicho kinachopima hewa na mafuta, kabureta haina kazi tena. Seremala alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akasema ajaribu tu, lakini Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa sita mchana mtu wa vyuma chakavu atakuja, na kama pikapu haitembei, itabebwa.

Injini ya zamani ilipotolewa, Bi Brashi alichungulia lile shimo lililobaki, chuma kitupu chenye madoa ya oili, mkono ukamwasha. Alitaka kumshukuru mkwe na hakujua kwa maneno gani. Siku mkwe alipokwenda kwenye kazi zake nyingine, akachukua rangi ya kijani iliyobaki kwenye madawati, akajikunja kwenye shimo lile, akapaka. Alipaka chasisi, akapaka mashavu ya ndani, boliti na nati na vitundu vyake, mikono mitatu ya rangi, hata mahali ambapo pangeonwa na panya tu. Mkwe aliporudi aliinama chini ya boneti, akagusa boliti moja kwa kidole. "Mama," akasema, "rangi hii ni nzuri." Bi Brashi aliingia ndani akiwa amevimba kwa raha.

Wiki tatu mkwe alichomelea vikalio vya injini, akapitisha nyaya, akafunga kanyagio jipya. Siku ya kuwasha, injini ilikohoa, ikatetemeka, ikafa. Akachomeka kimashine. Asubuhi kilitaja ugonjwa mmoja, mchana kikataja mwingine, jioni kikayataja magonjwa yote kwa mpigo kama mgonjwa anayependa kuhurumiwa. Mkwe alibadilisha hiki, akasafisha kile. Kutoka chumbani redio ilipandishwa sauti. Ikawa Jumatano, ikawa Alhamisi.

Ijumaa asubuhi Bi Brashi alikuwa nyuma ya nyumba akianika mashuka aliposikia kitu kinanguruma polepole, laini, kama paka aliyeshiba. Aliganda na kibanio mdomoni. Kilinguruma muda wa kuanika mashuka mawili, kisha kikanyamaza. Alipofika uani alimkuta mkwe anakunja haraka nyaya nene zenye koleo, zile za kuazimana betri, na uso wake ni wa mtu aliyefumaniwa akidokoa. Alisema alikuwa anajaribu tu. Akajaribu tena mbele yake bila zile nyaya, injini ikakohoa ikafa.

Bi Brashi alileta chai vikombe viwili, akapindua ndoo, akaikalia.

"Ile ya kwanza iliwaka," akasema.

"Iliwaka, mama."

"Nani aliizima?"

"Mimi."

Akamwuliza ni mtu gani anasota wiki nzima kutafuta kitu, akakipata, akakirudisha. Mkwe akaanza kuzunguka kwa maneno. Alieleza kwamba umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi, na njia yake ya kurudi ni mwili wa gari lenyewe, kupitia nyaya fupi zinazoitwa ethi, zinazofungwa kwenye chasisi, chuma juu ya chuma. Gari la zamani halikujali sana. Kompyuta inajali. Kikiingia kitu katikati, hata chembamba, inasikia maneno nusu nusu, basi inakisia, na ikikisia inakosea.

"Na katikati kumeingia nini?"

Mkwe aliitazama spana yake kana kwamba ina maandishi. "Mama," akasema, "rangi hii ni nzuri sana."

Bi Brashi alikuwa na elimu ya darasa la saba, lakini kusifiwa hovyo alikujua. Akageuka kulitazama shimo la injini, kijani tupu, linang'aa, kila boliti imevaa makoti matatu.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumatano."

"Na kesho saa sita pikapu inabebwa."

Mkwe akasema ameagiza nyaya nene ndefu, mfano wa zile za koleo, za kupita mbali na rangi, zirudi moja kwa moja kwenye betri, ila zitafika Jumatatu, na alikuwa anafikiria kumwomba baba siku mbili zaidi.

"Si ungekwangua tu?"

"Nikwangue rangi uliyonipakia kwa mkono wako, mama?"

Bi Brashi alicheka mpaka ndoo ikateleza. Akacheka tena, kisha macho yakamchoma, akajifanya ni mvuke wa chai. Kijana huyu alikuwa radhi kuitwa fundi mbovu na baba mkwe wake, pikapu iende ikayeyushwe, kuliko kumwambia mwanamke mzee kwamba ameharibu. Alitaka kumkumbatia na kumzaba kofi kwa wakati mmoja. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliingia karakana akachukua patasi.

Patasi hiyo ndiyo kitu pekee ambacho seremala hakuwahi kumwazima mtu, wala mkewe. Bi Brashi aliinama chini ya boneti akaanza kukwangua, chuma kikalia kilio kibaya. Redio ikazimwa. Mlango ukafunguka.

"Nani ana patasi yangu?"

"Mimi," akajibu Bi Brashi bila kugeuka. "Nakwangua chuma."

Mzee alivuka ua bila viatu, kwa kasi ambayo hakuwa nayo mwezi mzima. Alimpokonya patasi, akayapapasa makali yake kwa kidole gumba, akaguna. Kisha akaona alama zilizochorwachorwa kwenye rangi, na akashindwa kujizuia: kazi mbaya ilimuuma popote alipoiona. Akauliza panatakiwa nini hapo. Mkwe akaonyesha mahali patano, duara la ukubwa wa kizibo cha chupa. Seremala akaomba msasa, wa kukwaruza kwanza, halafu wa laini. Akapiga magoti. Alisugua kila duara mpaka chuma kikang'aa, akapuliza vumbi, akapitisha kidole, akahamia jingine. Hakuna aliyemharakisha. Mkwe alifuata nyuma yake akikaza ethi moja baada ya nyingine, na wawili hao wakawa wanapeana spana bila kuombana.

Walipomaliza, mkwe akampa mzee ufunguo. Seremala akapanda, akakanyaga mara tatu kama alivyozoea, akageuza. Kisha akageuza tena, na stata ikapiga kelele ya kutia meno ganzi.

"Baba," mkwe akasema taratibu, "imeshawaka."

Mzee alitega sikio. Alishuka, akaweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo. Halafu akatoa simu akampigia mtu wa vyuma chakavu, akamwambia asije. Ikaonekana upande wa pili hawaamini. "Haisikiki kwa sababu ni mpya," seremala akasema, akaisogeza simu kwenye silensa. Alipokata, akamgeukia mkwe. Hakusema asante, hilo halikuwa kwenye kamusi yake. Akasema kuna mteja anataka kabati la jikoni, wakapime wote Jumatatu, na mkwe aende na kile kimashine chake, huenda kinajua na mbao zinaumwa wapi.

Akaingia karakana kutafuta viatu vya kazi. Mkwe alianza kufuta spana moja moja. Bi Brashi alimsogelea akamshika kiwiko, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Asante, mwanangu," akasema. "Kwa injini, na kwa zile siku tatu ulizonistahi. Lakini siku nyingine nikiharibu kitu, niambie."

"Sawa, mama. Nitakuambia."

Alisema macho yameinama, na Bi Brashi akajua hatamwambia kamwe. Kwa uongo huo pia akamshukuru, kimoyomoyo, akaenda kuanika mashuka yaliyobaki.