Chumba cha Madume Watupu

Madume walijulikana kwa vipapasio. Dume anavyo virefu, vinavyompita hata mwili. Jike anavyo vifupi, kama aliyevipunguza ili visimsumbue kazini. Nyigu mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya mtama, kwa hiyo hakuna njia ila jicho ligande kwenye hadubini, na jicho la fundi wa chumba cha nyigu lilikuwa limeganda pale tangu kumekucha. Alitazama kizimba cha dirishani. Virefu. Akatazama kilichofuata. Virefu. Alipomaliza kizimba cha karibu na mlango hakuinama tena. Alikaa tu, mikono mapajani, kama abiria aliyeteremka akakuta begi lake limeshatangulia na gari lingine.

"Mpishi," aliita.

Mpishi hakuwa mpishi wa watu. Kazi yake katika kituo kile ilikuwa kuwachemshia viwavi chakula: unga wa maharage, unga wa majani makavu ya mahindi, hamira na vitamini, vyote akivikoroga ndani ya uji wa mwani unaoganda kama jeli, kisha akiumimina chupani. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na mzaha. Ndiye aliyempa fundi jina la Kibano, maana hakuwahi kumwona bila kibano mkononi.

"Niache kidogo, uji utashika chini."

"Acha ushike. Njoo uone."

Mpishi akaja akijifuta mikono kwenye aproni. Akainamia hadubini, kitambi kikagota meza.

"Naona nyigu."

"Unaona jike?"

"Kibano, mimi siku hizi hata kwa binadamu nakosea."

"Tazama vipapasio."

Akatazama. Akahamia kizimba cha pili, akatazama tena, na mzaha ukamwisha mdomoni taratibu.

"Wanaume watupu."

"Vizimba vyote."

"Basi tumefungua kambi ya jeshi," Mpishi alisema, lakini hakucheka, wala Kibano hakucheka.

Kituo kile kilikuwa na kazi moja. Mashamba yote ya jirani yalikuwa ya mahindi, na adui wa mahindi yale alikuwa bungua, kiwavi anayetoboa bua, akaingia, akalila kutoka ndani mpaka upepo mdogo tu ulivunje. Dawa humkuta akiwa mchanga juu ya majani. Akishaingia ndani, haimfuati. Nyigu jike humfuata. Hunusa kinyesi chake kwenye tundu, akaingia kwenye kile kichochoro chenye giza, akamdunga na kumwekea mayai mwilini. Watoto wa nyigu hulelewa humo. Hunywa damu ya bungua na mafuta yake, naye akiendelea kutembea na kula kana kwamba yu mzima, hadi siku wanapomtoboa ngozi, wakatoka kwa pamoja na kujifumia vifukofuko vyeupe ubavuni pake.

Yote hayo ni kazi ya jike. Dume hana mwiba wala yai. Ana kazi yake moja, na akiimaliza au asiimalize, siku zake mbili tatu ni hizo hizo.

"Tumewakosea wapi?" Mpishi aliuliza. "Kudunga walidunga. Niliona kwa macho yangu."

Walidunga kweli. Kibano alikuwa amemshika kila bungua kwa kibano, akampaka kinyesi cha wenzake ili anuke vizuri, akamsogeza mbele ya nyigu mpaka mwiba uingie. Mmoja baada ya mwingine, kutwa nzima, siku nenda siku rudi, hadi shingo ikawa haigeuki bila mwili kugeuka nayo. Jike wa nyigu hawa hata asipoolewa si tasa. Hutaga vilevile, kwa bidii ile ile. Ila yai lisilorutubishwa hutoa dume, na halitoi kingine.

Kibano aliinua macho akatazama madirisha. Mpishi akayafuata macho yake.

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa maboksi. Kiyoyozi kilipokufa, joto lilianza kuwalegeza bungua chupani, wakawa wanaoza kabla ya kunenepa. Mkuu wa kituo aliahidi fundi wa viyoyozi, fundi huyo akaahidi kesho, na hawa wawili wakaamua wenyewe. Wakakata maboksi, wakayabandika kwa gundi, chumba kikapoa, bungua wakapona. Siku ile walijipongeza.

"Giza," Kibano alisema. "Hawaoani gizani. Wanataka mwanga, tena mwingi. Ninalijua hilo, Mpishi. Nimewafundisha wanafunzi hilo, hapa hapa niliposimama."

"Hata mimi nilikuwepo ukifundisha."

"Nilikuwa nawaza viwavi tu."

"Tulikuwa." Mpishi alibandua boksi moja, jua likaingia na vumbi lake. "Ajabu ya Mungu. Wenzao wote wanatafuta kificho, hawa wanataka hadhara."

Mama zao walikwisha kufa. Hapakuwa na kizazi kingine nyuma kwenye chupa; kila kilichokuwamo kilizaliwa baada ya maboksi. Kibano alimpigia simu mkuu wa kituo, aliyekuwa safarini, akamweleza yote bila kuzunguka mbuyu.

"Kituo kilichotupatia mbegu ya kwanza ya nyigu kilishafunga chumba chake," Mkuu alisema. "Sina pa kukuombea, binti yangu. Msipopata majike kabla hao hawajafa, na sisi tunafunga."

Simu haijapoa, ikaita tena. Safari hii alikuwa dada yake.

Dada alikuwa na shamba nyuma ya kituo, mwendo wa kuvuka barabara na mtaro. Msimu uliopita alikubali nyigu waachiwe kwake. Msimu huu, majirani wote walipopiga dawa, yeye peke yake hakupiga, kwa sababu mdogo wake alimwambia asubiri, nyigu wengine wanakuja.

"Mdogo wangu, mahindi yanalala. Ukija leo na nyigu wako, sawa. Usipokuja, pampu nimeshaijaza."

"Nakuja, dada."

"Na nyigu?"

"Nakuja."

Kibano alikata simu, akachukua kisu, lenzi ya mkononi, na chupa yenye mfuniko wa kitambaa. Mpishi alimtazama.

"Unampelekea nini?"

"Simpelekei. Naenda kuomba. Kama wale wa msimu uliopita waliacha kizazi, kitakuwa kwake tu. Kwingine kote wamepiga."

Mpishi alikuna kidevu. "Kwa hiyo sisi upande wa wanaume tunakutuma ukapose."

"Ndiyo."

"Nenda basi, mshenga. Mimi nitawapa wanaume asali na maji, wasife kwa kungoja."

Dada alikuwa kichwani mwa shamba, pampu mgongoni, kitambaa puani, buti za mumewe miguuni. Mahindi mengine yalisimama, mengine yalikuwa yamekunja majani ya katikati yakawa kama kamba. Chini ya mabua palikuwa na unga wa rangi ya machujo ya mbao, kinyesi cha bungua kinachomwagika kutoka kwenye matundu. Kibano alipita kati yake bila kutaka kuangalia, na aliona kila kitu.

"Ndoo iko wapi?" dada aliuliza.

"Ndoo gani?"

"Ya nyigu. Mara ile mlikuja na ndoo."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ndoo iko wapi?"

Kibano alimweleza. Hakupunguza, alieleza kiyoyozi, maboksi, giza, madume. Dada alisikiliza akiwa amesimama na mzigo wake, mkono mmoja kwenye mpini wa pampu. Kisha akashusha kitambaa puani.

"Ngoja nielewe. Mimi nimekaa na shamba linaliwa, majirani wananiuliza kama nafuga bungua, nawajibu mdogo wangu amesoma, anajua anachofanya. Leo unakuja mikono mitupu."

"Sikuja mitupu tu. Nimekuja kuomba."

"Kuomba nini?"

"Nyigu."

Dada aliangua kicheko kifupi, kikavu. "Unaniomba mimi nyigu."

"Huenda wapo ndani ya mabua. Nipe muda nipasue. Nikipata majike hata wachache, chumba kitafufuka."

"Na mimi nitafufuka na nini? Watoto nitawapa vipapasio wale?" Alirekebisha mikanda begani, na Kibano aliona ilivyomwachia alama nyekundu shingoni. "Uliniambia ningoje, nikangoja. Ukaniambia kidogo tena, nikangoja. Leo sina subira nyingine ya kukupa."

"Walio ndani dawa haiwafikii, dada. Unajua."

"Walio juu ya majani itawafikia. Hao nitawapata leo."

Ilikuwa kweli. Kibano alihamishia chupa mkono wa pili. Dada alimtazama vile alivyomtazama walipokuwa wadogo, alipokuwa akimsubiri amalize kulia ili waendelee na safari.

"Upepo unatoka chini," alisema. "Mimi naanzia juu, hautakuletea dawa. Wewe anzia kule mtaroni. Nikikufikia nimekufikia, usiniambie ngoja."

Basi wakaanza, kila mmoja na upande wake. Kibano alitafuta mabua yenye tundu na unga, akayakata kwa chini, akayapasua kwa urefu. Bua la kwanza lilitoa bungua mnene, mwenye madoadoa, anayejikunja kwa hasira. La pili vivyo hivyo. La tatu lilikuwa tupu, mwenyewe alishahama. Kiganja kilianza kuwaka pale kisu kilipoegemea. Kila akisimama kunyoosha mgongo alisikia pampu, mpini ukilia kwi, kwi, kwi, na kila mara ulilia karibu zaidi.

Alipasua, akatupa. Akapasua, akatupa. Akapata bungua mmoja mfu akafurahi, kumbe ameoza tu. Harufu ya dawa ilianza kumfikia hata hivyo, maana upepo haukuahidi mtu kitu. Alipiga magoti, kwa kuwa kuinama kulikuwa kumemshinda, akaendelea kwa magoti.

Kisha bua moja, jembamba kuliko mengine, lilifunguka na ndani ya kichochoro palikuwa na kitu cheupe. Alifikiri ni ukungu. Alisogeza lenzi. Vilikuwa vifukofuko, vimebanana kama wali uliogandia sufuria, na kando yake bungua, ngozi imelegea, kichwa bado kikitikisika kidogo.

Alikata lililofuata kwenye mstari ule ule. Vifukofuko. Akakata jingine, bungua mzima. Jingine, vifukofuko, na hivi vilikuwa vimeshatoboka kwa juu, kila kimoja na kijitundu cha duara.

"Dada!"

"Nilikwambia usiniambie ngoja." Dada alikuwa mistari michache tu kutoka pale, akipuliza.

"Sikwambii ngoja. Njoo uone."

Mpini ulilia mara moja tena, ukanyamaza. Dada akaja akiburuta buti, akainama kadiri pampu ilivyomruhusu.

"Huyu kafa?"

"Anakufa. Wamemmaliza kwa ndani."

"Na hivi vyeupe?"

"Ndio wenyewe."

Dada alitazama mabua yaliyopasuliwa, lile, na lile, na lile. Kisha akageuka akatazama juu ya shamba, majani yote yaking'aa kwa maji ya dawa mpaka karibu na walipokuwa.

"Kwa hiyo walikuwepo," alisema.

"Walikuwepo."

"Siku zote hizi."

"Kidogo kidogo. Ndio kwanza walikuwa wanashika kasi."

"Na hukuja hata siku moja kuchungulia. Ni hapo tu barabarani."

"Nilikuwa nalisha viwavi," Kibano alisema. "Kutwa nzima niko kwenye chupa. Nikitoka, naona kitanda tu."

Dada alifungua mikanda, akaishusha pampu taratibu, akakaa juu ya mabua yaliyokatwa.

"Hii mistari ya chini naiacha," alisema. "Si kwa ajili yako. Mgongo umekataa."

"Ahsante."

"Nimesema si kwa ajili yako."

Ukutani mwa kile kichochoro, nyigu mmoja alikuwa ametoka na bado ananyoosha mabawa. Kibano alisogeza lenzi mpaka pumzi yake ikamtikisa mdudu. Akaizuia pumzi. Vipapasio vilikuwa vifupi. Alipotazama nyuma yake alikuwapo mwingine kama yeye, na mwingine anasukuma kichwa atoke.

"Nini?" dada aliuliza.

"Majike."

"Hebu."

Alimpa lenzi. Dada alitazama kwa muda mrefu, jicho moja limefumba, kitambaa kikimning'inia shingoni.

"Kadogo hivi," alisema. Kisha, bila kuondoa lenzi: "Huko juu nimewaua wangapi?"

Kibano alikata vipande vya mabua vyenye vifukofuko na nyigu, akaviingiza chupani, kimoja kimoja, akafunga kitambaa juu, akaikinga chupa kwa mwili wake kutoka upande wa harufu. Walikaa hivyo hadi dada alipoweza kuinua mkono wa kulia bila kuguna.

Pampu ilikuwa bado na dawa nusu, na lazima irudishwe nyumbani. Waliibeba wawili, kila mmoja ameshika mkanda wake, wakipita mtaroni ili wasipite kwenye majani yenye dawa mbichi. Chupa ilikuwa mkono wa pili wa Kibano, ule wa mbali na dawa, na kila hatua chache dada alimwambia aiinue zaidi.