Masaa Matatu ya Posta

Saluni yangu ina viti vitatu, na kila Jumanne jioni wanakaa humo watu tisa. Wengine wanakalia ndoo, mmoja anajibanza chini ya draya iliyoungua, na mimi nasimama, maana nikikaa siwaoni wote na yatanipita maneno. Hapo ndipo tunapochagulia njia zetu za kutembea milimani. Ramani nimeibandika juu ya kioo kikubwa, kwa hiyo mteja akitaka kujiona nywele lazima kwanza avuke mto na kupanda vilima viwili.

Tulianza kwa utani. Fundi Viatu aliambiwa na daktari apunguze tumbo, akasema hawezi kutembea peke yake porini kama mtu aliyefukuzwa nyumbani. Tukamsindikiza. Jumapili iliyofuata tukamsindikiza tena, na mwaka ukakatika hivyo hivyo. Bahati yetu tukampata Posta. Huyu mzee alisambaza barua miaka thelathini na moja kwa miguu, na mpaka leo akikaa kitako zaidi ya nusu saa anaumwa mgongo. Kila njia anaitembea yeye kwanza, peke yake, kisha anaiandika kwenye ubao pembeni ya kioo: inaanzia wapi, kuna nini cha kutazama, inachukua masaa mangapi. Ubao wa Posta hatukuwahi kuubishia. Ungembishia mtu aliyetembea miaka thelathini na moja?

Mwaka huu tukakata shauri tufanye safari ya siku tatu, kufuata mgongo wa mlima mpaka ziwani, tukilala kwenye vibanda vya askari wa msitu. Huko ndani hakuna barabara. Ukichoka, umechokea hapo hapo. Kwa hiyo tukaweka sharti: anayetaka kwenda aende kwanza njia ya maporomoko, ambayo ubao ulisema masaa matatu. Akizidisha zaidi ya saa moja, abaki. Tulipiga kura, na mimi mwenyewe niliinua mkono. Yote miwili, tena.

Laiti ningejua sharti hilo litamnasa nani.

Dada yangu mkubwa, ambaye Jumanne hakosi kwenye ndoo yake saluni, alikuwa mpishi wa shule ya bweni mpaka alipostaafu. Anaishi peke yake ghorofa ya tatu, na anapapenda mno, maana dirishani anaona nani katoka na nani karudi na nguo mpya. Msimu wa baridi aliteleza bafuni. Hakuvunjika, ila alikaa sakafuni saa nzima kabla ya jirani kumsikia. Mwanawe ni nesi, na manesi wakishaona hatari hawaachi. Akamwandalia chumba nyumbani kwake, akakipaka rangi, akaja kumwambia mama yake ahame.

Dada akagoma. Walivutana wiki mbili, mimi katikati nikipigiwa simu na pande zote, na sikatai, niliifaidi. Mwishowe mpwa wangu akasema, "Sawa, mama. Nenda hizo siku tatu na wenzako. Ukifika ziwani kwa miguu yako, sitakusumbua tena. Ukishindwa, unahamia kwangu bila maneno."

"Imekwisha hiyo," Dada akasema, na akanunua viatu siku ile ile.

Siku ya maporomoko nilitembea naye nyuma. Hakukimbia, hakulalamika. Alipumzika kwenye mwamba, akanawa uso, akatazama yale maji mpaka nikamwambia twende. Wenzetu walipita pale kama watu wanaofukuzwa na mgambo, wala hawakugeuza shingo. Tulipofika chini, Fundi Viatu alikuwa amelala chali kwenye majani, anahema kama mvukuto.

"Shemeji, tulitaka kutuma watu," akamwambia Dada. Ananiita mimi mke wake miaka yote, kwa kunichokoza, basi ndugu zangu wote ni shemeji zake.

"Wa kukubeba wewe?" Dada akamjibu.

Lakini Posta alikuwa ameshika daftari. Masaa manne na dakika hamsini. Alivua kofia kabla ya kusema. "Dada yetu, unisamehe. Sharti tuliliweka sote."

Dada akainamisha kichwa, akasema amesikia. Kesho yake nilimkuta sebuleni anafunga sahani kwenye magazeti.

"Unafanya nini?"

"Naanza na vya kuvunjika, mdogo wangu. Vya chuma nitabeba hata nikiwa na hasira."

Nilijikaza kisabuni mbele yake. Nilipofika barabarani nililia mpaka muuza maji akanipa kiti.

Wiki ile mvua ikanyesha sana, na askari wa msitu wakatuma habari kwamba daraja la siku ya kwanza huenda limeondoka. Posta akasema ataenda kulitazama. Kwa vile mto umejaa, hatukutaka aende peke yake, na kwa vile nilitaka mtu wa kumnunia, nikasema nakwenda mimi.

Tuliondoka barabarani saa moja asubuhi. Njia ni nzuri, siwezi kuisema vibaya: unaingia kwenye miti mirefu, kisha ghafla ardhi inakatika na bonde lote liko chini ya miguu yako. Posta anatembea kwa mwendo mmoja, si wa haraka, ila haukomi. Tulikaa kunywa chai. Tulikutana na mrina asali, Posta akamuuliza habari za mizinga, na mrina akatueleza mzinga mmoja mmoja. Darajani tukakaa tena, tukazihesabu mbao, zote zipo. Tulipofika kibanda cha kwanza Posta akatazama saa yake, akaandika: masaa manne.

Nikatazama simu yangu.

"Posta, tumeondoka saa moja."

"Ndiyo."

"Sasa hivi ni saa saba na nusu."

"Ndiyo."

"Hayo manne umeyatoa wapi?"

Akanitazama kama nimemuuliza mvua inatoka wapi. "Ni ya kutembea. Tulipokaa nilisimamisha saa." Akanionyesha kitufe kidogo pembeni, kimelika kwa kubonyezwa. "Chai si kutembea. Yule wa asali, yale yalikuwa mazungumzo. Kazini ndivyo tulivyofanya. Fomu ilitaka muda wa njiani tu, muda wa milangoni kwa watu uliandikwa kwingine."

"Na njia ya maporomoko?"

"Matatu ya kutembea."

"Na ya kukaa?"

Akafikiri. "Pale juu huwa nakula. Halafu nalala kidogo." Uso ukaanza kumbadilika. "Moja na nusu hivi. Labda na robo tatu."

Mwaka mzima tumekuwa tukikimbizana na saa iliyokuwa ikilala. Kila aliyechelewa alidhani mzembe ni yeye tu, akanyamaza kwa aibu. Watu wanne walishaacha kuja, wakisema milima si ya watu wa aina yao. Na Dada, aliyekwenda kama Posta mwenyewe, anafunga sahani kwenye magazeti.

Jumanne Posta alikuja saluni kabla ya wote. Walipojaa, akasimama mbele ya ramani, akaeleza bila kujitetea. Kisha akachukua kitambaa, akafuta ubao wote, akaanza kuandika upya, njia moja moja, pamoja na kukaa, kula na salamu.

Alipofika siku ya pili ya safari yetu, chaki ikasimama. Ubao ulikuwa ukisema masaa saba. Sasa aliandika kumi na moja.

Fundi Viatu akahesabu kwa vidole. "Tulipanga kuondoka saa mbili asubuhi. Mbili, na kumi na moja..." Akashusha mkono. "Saa moja usiku. Gizani, pale kwenye genge la mwamba."

"Mimi nilikuwa naondoka alfajiri," Posta akasema taratibu. "Sikuona."

"Kwa hiyo angetuua," Fundi Viatu akasema.

"Asingetuua sote," Dada akasema kutoka kwenye ndoo yake. "Mimi mlikuwa mmeniacha."

Watu walicheka mpaka draya ikatikisika, na Posta naye, japo alifuta macho mara mbili.

Ndipo tukachagua upya, na safari hii kila mtu alisema. Tuliuacha mgongo wa mlima, tukachukua njia ya bondeni inayofuata mto mpaka ziwa lile lile. Inazunguka zaidi, ila vibanda viko karibu karibu. Posta akasema ndiyo yenye vya kutazama kuliko zote, hakuitaja kwa kuogopa tutaiona ya wavivu. Siku nne badala ya tatu.

Mpwa wangu alipiga simu usiku huo huo. "Mama mdogo, tulisema siku tatu."

Nikampa Dada simu. "Nakuongezea moja, mwanangu," akasema, akakata.

Sitawaambia hakuchoka. Siku ya pili goti lilimvimba, tukamlowekea kitambaa mtoni. Siku ya tatu alifika kibandani na kulala na viatu. Lakini alikuwa anakaa anapotaka kukaa, na tulikuwa tunakaa naye, na kwenye kukaa huko ndiko tulikoona swala wakivuka maji, na Fundi Viatu akatueleza kisa cha ndoa yake ya kwanza ambacho nakitafuta miaka sita.

Siku ya nne mchana mpwa wangu alikuwa ziwani, amesimama kando ya gari na sanduku la dawa mkononi. Alimwona mama yake akitoka kwenye matete, wa tano kati ya tisa, anamsema mtu. Hakumkimbilia. Alimngoja mpaka akafika, akamshika mabega, akamkagua juu mpaka chini.

"Sikutaka ushindwe, mama," akasema. "Nilitaka usikae sakafuni peke yako tena."

"Najua. Chukua ufunguo mmoja wa kwangu. Na mwingine tutampa jirani."

Mpwa wangu akaliweka sanduku chini. "Basi chumba watasomea watoto."

Dada alikuwa ameshakaa ukingoni, miguu ndani ya maji, macho kafumba.

"Kitanda usikitoe," akasema. "Nitakuja kulala siku mojamoja, nisikie ya huko kwenu."