Sikio la Babu

Babu yake fundi cherehani alitoka ng'ambo akiwa kijana, akaajiriwa reli kugonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti bubu. Aligonga miaka thelathini, na ugonjwa huo wa kugonga akauleta nyumbani. Hakuna mtu kwao aliyenunua sufuria wala beseni bila kuligonga na kutega sikio. Wauza vyombo walikuwa wakiwaona tu, wanaambiana, "Ficheni vibovu, watu wa reli hao!"

Kuhusu kwao alikotoka, babu hakusema neno, utadhani alizaliwa stesheni. Alipokufa aliacha bahasha kuukuu yenye anwani ya ng'ambo. Fundi akachoka kukisia, akafunga safari.

Nyumba aliipata. Ndani alikuwamo bibi kizee mmoja, mdomo mkali kama wembe.

"Na wewe umekuja kujifanya ndugu udai shamba?"

"Sidai kitu, bibi. Namtafutia babu yangu ndugu zake. Alikuwa mtu wa reli."

"Reli? Sisi hapa ni wafinyanzi tangu enzi na enzi." Akammiminia maji katika kikombe cha udongo. "Kunywa, uende zako."

Fundi, bila hata kufikiri, akakigonga kikombe kwa ukucha, akatega sikio.

"Samahani, bibi, hiki kina ufa."

Bibi akakichukua kikombe akamwaga maji.

"Najua," akasema. "Waliokuja kudai shamba wote walikunywa. Kwetu wafinyanzi hakuna anywaye kabla ya kugonga. Keti, mjukuu wa kaka yangu."