Nipokee

Tunu na Chausiku waliimba pamoja tangu wakiwa wanawali, na Temeke nzima ilijua kwamba mmoja akianza, mwenzake hupokea. Mwaka wa hamsini na nne, watu wa santuri walipokuja kutoka Nairobi, Chausiku alikuwa kitandani Kinondoni kwa homa ya mapafu, sauti imemkauka. Wageni walikuwa na siku mbili tu. Tunu akaimba peke yake.

Wimbo wenyewe, "Nipokee", waliutunga wote wawili. Tunu alipofika pale ambapo Chausiku angejibu, mtu wa mitambo alimwashiria aendelee, lakini mdomo ulimgomea. Akanyamaza, gambusi likalia peke yake, kisha akaendelea. Nafasi ya kurudia haikuwapo.

Santuri ilipotoka, haikushikika. Migahawani, kuanzia Temeke hadi Kurasini, waliipiga mpaka sindano zikaisha makali. Na kila ilipofika pale penye kimya, wateja walijibu wenyewe, vikombe mkononi. Watu walimsifu Tunu kwa ufundi ule. Yeye aliitikia kwa haya, akapita zake. Wiki tatu zilikwisha hajakanyaga Kinondoni. Kila alipojitanda kanga atoke, aliivua tena. Angemwambia nini mwenzake?

Mwishowe alikwenda, na machungwa kikapuni. Chausiku alikuwa amekaa barazani, amekonda, shuka mabegani. Alimtazama Tunu mpaka alipoketi.

"Pale pangu umenyamaza," alisema, sauti inakwaruza.

"Nilishindwa kupajaza, shoga yangu. Ni pako."

Chausiku aligeuza uso upande wa barabara. Akamweleza kwamba mgahawa wa jirani huipiga santuri ile kila asubuhi, naye husikia wanaume wazima wakijibu mahali pake. Siku ya kwanza alilia, akidhani amekwisha kusahauliwa. Siku ya pili alisikiliza vizuri, akatambua kwamba kimya kile kilikuwa na urefu wa pumzi yake hasa.

"Ila wanakosea maneno," alisema. "Mie nasema, 'Ingia, mlango u wazi.' Wao wanasema, 'Ingia, chai ipo.'"

Tunu alicheka huku machozi yakimtoka. Akamenya chungwa, akawa anampa kipande kimoja kimoja, na Chausiku akataka asimuliwe yote: chumba kilikuwaje, mtambo ulikuwa mkubwa kiasi gani, na je, walimwekea kiti au aliimba amesimama.