Mikono Magotini

"Hivi, Mama Saidi, ndege ikijiendesha yenyewe, mwanao analishwa kwa kazi gani?"

Jirani yangu Zamda aliniuliza hivyo kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika la Mtendeni, watu wakacheka mpaka muuzaji. Zamda hakuwahi kupungukiwa neno. Nami nilijitakia, maana barua ya Saidi kutoka jeshini niliisomea foleni nzima. Aliandika kwamba ndege yao huuacha mlio wake nyuma, na kule juu kabisa, kwenye hewa nyepesi, huongozwa na mtambo. Ikishuka, mtambo huipandisha, ikizidi, huishusha, hupanda na kushuka kama kifua cha mtu anayetafuta usingizi, hata itulie. "Mwalimu anatuamuru mikono tuiweke magotini, mama."

Magotini. Baba yake, marehemu Mfaume, aliachia usukani wa lori njia ya Ziba ili awashe sigara. Kilichorudi nyumbani kilienea kwenye kanga yangu moja.

Basi Saidi alipokuja likizo nilimpitisha chini ya msahafu, kama wazee wetu walivyowaaga watu wa misafara ya pwani. Zamda alishika chetezo cha ubani. Nikamwapisha mwanangu: chombo kikiyumba, asikiachie. Alicheka. Sikuuteremsha msahafu mpaka alipoapa.

Justus, rubani mwenzake, mzaliwa wa Usoke, alikuja baada ya hitima ya mwanangu. Zamda alikuwa mkekani kwangu akipeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Sema tu. Sanduku mlilileta limepigiliwa misumari, maneno usiyapigilie."

Alisema akiitazama kofia yake. Ndege ilianza kupanda na kushuka. Kutoka chini wakamwambia kwa redio aiachie mtambo. Akajibu, "Nimeapa," akaishika. Kwa mwendo ule mkono wa binadamu huchelewa: aliisukuma ilipokwisha kuanza kushuka, akaivuta ilipokwisha kuanza kupanda, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka ikakatika.

"Na kama angeiacha?"

"Ilikuwa imeanza kutulia, mama."

Niliisikia pumzi yangu ikiingia na kutoka, nisiwe na uwezo wa kuizuia.

"Wakubwa wananiuliza," Justus akasema taratibu, "nami sijui la kuwajibu. Aliapa nini? Alimwapia nani?"

Nilimtazama Zamda. Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake. Aliuweka chini, akajitanda kanga yake kichwani, akavaa ndala, akatoka, akaniacha na swali la Justus.